BANGI NA SISI WANAFUNZI: UKWELI USIOTIWA CHUMVI

Utangulizi

Kabla sijaanza somo langu nataka kukiri jambo moja. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Bangi ihalalishwe nchini Kenya." Mwalimu mlezi wa chama alitugawa, nami nikaangukia upande wa kuunga mkono. Sikupenda sana, lakini mjadala ni mjadala. Nilikaa maktabani jioni mbili, nikasoma magazeti, nikamuuliza na kaka yangu aliye chuoni. Siku ilipofika nilisimama nikawaeleza wenzangu habari za Kanada, Uruguay na Afrika Kusini. Nikamtaja na Wajackoyah. Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, na kura zilipohesabiwa upande wetu ulishinda. Nilikwenda nyumbani kifua mbele kama jogoo.

Wiki chache baadaye, mwenzangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alianza kuvuta bangi. Walikuwa wanakutana na vijana wengine kwenye vichaka vya kando ya mto, kabla ya kengele ya asubuhi, kwa sababu sisi wa shule ya kutwa tunatoka nyumbani kila siku na njia ni ndefu. Nilipomwonya alinijibu akicheka: "Wee, si ni wewe ulituambia Kanada watu wanavuta na hakuna noma? Ama ulikuwa unatudanganya?"

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza. Kufikia muhula wa tatu dawati letu lilikuwa na mtu mmoja tu, nami ndiye huyo.

Makala haya ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile. Sitasema kuwa niliyoyatamka mjadalani yalikuwa uongo, maana hayakuwa uongo. Lakini kuna neno moja nililoliacha, na neno hilo ndilo lililobeba maana yote. Nitalifikia. Kwanza tuanze mwanzo.

1. Bangi ni nini?

Bangi ni mmea. Wanasayansi huuita Cannabis sativa. Neno "bangi" asili yake ni Bara Hindi, nalo lilifika pwani yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya kuenea huku bara. Sisi Wajaluo huiita njaga. Vijana wa mitaani wana majina yao chungu nzima: ndom, ngwai, shada na mengine ambayo hubadilika kila mwaka. Majina hubadilika, mmea ni ule ule.

Ndani ya mmea huu mna kemikali nyingi. Ile inayolevya inaitwa tetrahaidrokanabinoli, kwa ufupi THC. Mwaka wa 1964 wanasayansi wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga na kueleza umbo lake. Baadaye iligunduliwa kuwa ubongo wa binadamu una vipokezi ambavyo tunaweza kuvifananisha na kufuli. Mwili wenyewe hutengeneza funguo zake za kufungulia kufuli hizo, kidogo kidogo, pale zinapohitajika tu. THC ni ufunguo wa kigeni unaoingia katika kufuli hizo hizo. Huingia kwa wingi, hufungua milango mingi kwa wakati mmoja, na hukaa muda mrefu kuliko mwenye nyumba alivyokusudia.

Vipokezi hivyo viko vingi katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu, kupima wakati na kuongoza viungo. Ndiyo maana mtu aliyevuta husahau alichokuwa anasema, huona dakika tano kama nusu saa, na mkono wake huchelewa kushika breki. Macho huwa mekundu, moyo huenda mbio, njaa humshika. Wengine hucheka bila sababu, na wengine hushikwa na hofu kubwa wakadhani kila mtu anawatazama.

Kuna kemikali nyingine katika mmea huo iitwayo CBD, ambayo hailevyi. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa CBD ili kuwatibu wagonjwa, hasa watoto, wenye aina adimu na kali za kifafa. Kwa hiyo anayesema "bangi ni dawa" hajakosa kabisa. Lakini dawa ile imesafishwa, imepimwa kwa matone, na huandikwa na daktari. Mofini nayo ni dawa hospitalini. Hakuna mtu anayeitumia mofini kichakani halafu akasema anajitibu.

2. Inavyofika kwetu Migori na Homa Bay

Migori ni kaunti ya mpakani. Barabara kuu inaingia nchini kutoka Tanzania pale Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirare, katika eneo la Tarime, Mkoa wa Mara. Serikali ya Tanzania yenyewe imekuwa ikifyeka mashamba ya bangi huko Tarime. Mwaka wa 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya nchi hiyo ilifanya operesheni kubwa katika sehemu hizo. Mzigo ukivuka mpaka hupita Migori, Awendo na Rongo ukielekea Kisii na miji mikubwa. Mwingine hukata kona pale Rongo ukateremka Homa Bay hadi ziwani.

Msifikiri nawalaumu ndugu zetu wa Tanzania au majirani zetu Wakuria. Bangi hupandwa hapa Kenya pia, mara nyingine katikati ya mahindi, na isingevuka mpaka kama upande huu hakungekuwa na wanunuzi. Ninalotaka kusema ni kwamba mtoto wa Migori huiona bangi mapema. Mzigo unapopita, kiasi fulani hubaki njiani, na msokoto mmoja haugharimu pesa nyingi. Kijana asiyeweza kununua chupa ya bia anaweza kununua bangi kwa pesa aliyopewa ya chakula cha mchana.

Kule Homa Bay mambo yana sura nyingine. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku ziwani una baridi. Wapo wavuvi wanaoamini kuwa bangi huondoa baridi na kutia nguvu ya kuvuta nyavu. Basi mwanafunzi anayekwenda "bichi" wakati wa likizo kutafuta karo hupewa msokoto kama vile mtu anavyopewa chai. Hasemi hapana kwa sababu hataki kuonekana mtoto. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, huku Migori, ni hivyo hivyo. Kazi ngumu, pesa ya papo kwa papo, na wakubwa wanaovuta bila kujificha.

Siku hizi bangi huuzwa pia ndani ya keki na biskuti. Hii ina hatari yake ya pekee. Moshi hufika kwenye ubongo kwa dakika chache tu, lakini biskuti yaweza kuchukua saa moja au mbili kabla ya mlaji kuhisi lolote. Akiona hakuna kitu, anaongeza ya pili na ya tatu, halafu zote zinamjia kwa pamoja. Kwa hiyo ukipewa biskuti na mtu usiyemjua vizuri, usiwe na haraka ya kusema asante.

3. Maoni ya watu yalivyobadilika

Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku bangi katika nchi hii mwaka wa 1914. Baada ya Uhuru marufuku iliendelea, na mwaka wa 1994 Bunge lilipitisha sheria kali ya kudhibiti dawa za kulevya. Sheria hiyo ilisema kuwa mtu aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe angefungwa miaka 10, na kama si ya kutumia mwenyewe, miaka 20.

Kisha maoni yakaanza kugeuka. Mwaka wa 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akiomba kuandaa mswada wa kuihalalisha. Alifariki kwa saratani Julai 2019 kabla jambo hilo halijafika mbali. Mwaka wa 2021 Marasta walikwenda Mahakama Kuu wakiomba waruhusiwe kuitumia katika ibada zao. Mwaka wa 2022 Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuwa bangi ingelipa madeni ya nchi. Alikusanya vijana wengi katika mikutano, watu wakaimba, wakacheza. Lakini kura zilipohesabiwa alipata 61,969 kati ya zaidi ya milioni 14. Makofi ni kitu kimoja, kura ni kitu kingine.

Huko nje, Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuihalalisha kwa sheria kamili, mwaka wa 2013. Kanada ilifuata Oktoba 2018. Mwezi mmoja kabla ya Kanada, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa mtu anaweza kuitumia faraghani kwake. Ujerumani ilibadilisha sheria yake Aprili 2024. Hapa Afrika, Lesotho ilianza kutoa leseni za kuikuza kwa ajili ya dawa mwaka wa 2017, na Malawi na Rwanda zikachukua hatua za namna hiyo mwaka wa 2020.

Haya ndiyo niliyoyasema mjadalani, na ndiyo yaliyonipa makofi. Sasa nalitaja lile neno nililoliacha: mtu mzima.

Tazama sheria zenyewe. Uruguay ni kwa mwenye miaka 18 na zaidi. Ujerumani ni 18. Afrika Kusini mahakama ilisema mtu mzima. Katika majimbo ya Marekani yaliyoihalalisha kwa starehe, ni miaka 21. Kanada, ile ile ya mwenzangu, ni miaka 18 au 19 kulingana na jimbo, na katika jimbo la Quebec ni 21. Zaidi ya hayo, sheria ya Kanada inasema kuwa mtu mzima anayemuuzia au kumpa bangi mtoto anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Kwa hiyo wale Wakanada walioketi bungeni wakaihalalisha bangi, hawakuihalalisha kwa ajili yangu mimi mwenye miaka 16, wala kwa ajili ya mwenzangu. Lau tungekuwa Toronto badala ya Migori, duka halali lingetufukuza mlangoni. Watu wazima wanaweza kuendelea kubishana kuhusu bangi, hiyo ni haki yao. Lakini mabishano hayo hayatuhusu sisi. Hata upande unaoitetea ukishinda kesho asubuhi, mwanafunzi amebaki nje.

4. Hatari zake, kwa kipimo

Kuna uongo wa aina mbili kuhusu bangi. Wa kwanza husema, "Si ni majani tu?" Wa pili husema, "Ukivuta mara moja tu, unaingia wazimu." Huu wa pili husemwa na watu wazima wenye nia nzuri, lakini kusema kweli ndio unaouzaa ule wa kwanza. Tulipokuwa shule ya msingi tuliambiwa hivyo. Kisha tukamwona kijana akivuta Jumamosi na Jumatatu yuko darasani anafanya hesabu. Tukajiambia: kumbe walitudanganya. Na mtu akishajua amedanganywa kwa jambo moja, haamini tena hata lile la kweli. Basi nitajaribu kusema kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

(a) Kumbukumbu na masomo. Bangi hudhoofisha uwezo wa kushika jambo jipya, na hali hiyo yaweza kuendelea hata baada ya ulevi wenyewe kuisha, hasa kwa anayevuta kila siku. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Anayevuta asubuhi kabla ya kengele anakaa darasani, lakini somo halikai kichwani.

(b) Ubongo unaokua. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi miaka ya ishirini na kitu. Sehemu inayomalizika mwisho ni ile ya mbele, ya kupima mambo na kujizuia. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka wa 1972 na 1973, tangu utotoni hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kuwa walioanza bangi wakiwa vijana wadogo na kuendelea nayo sana kwa miaka mingi walishuka wastani wa karibu alama 8 katika kipimo cha akili. Walioanza wakiwa watu wazima hawakuonyesha kushuka namna hiyo. Wataalamu wengine walibisha wakasema hali ya umaskini nyumbani yaweza kuwa sehemu ya sababu. Hata hivyo, kama jengo bado lina miti na misumari, hakuna fundi mwenye akili anayemwaga maji juu ya simenti mbichi eti kwa sababu haijathibitishwa kuwa ukuta utaanguka.

(c) Ugonjwa wa akili. Mwaka wa 1987 watafiti wa Sweden walichapisha habari za vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini na kufuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa skizofrenia mara sita zaidi ya wale ambao hawakuvuta. Hapa ndipo pa kuwa na kipimo. Ugonjwa huo ni wa watu wachache, na mara sita ya wachache bado ni wachache. Wengi waliovuta hawakuugua. Lakini kati yao hakuna aliyejua mapema kuwa yeye ni miongoni mwa wachache au wengi. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye ndugu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mjomba au shangazi wa hivyo, jambo hili linakuhusu wewe kuliko jirani yako.

(d) Uraibu. Wengi husema bangi haina uraibu. Si kweli. Kwa makadirio ya wataalamu, kati ya watu 10 wanaoitumia, mmoja hivi hunaswa. Kwa wale wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni kama mmoja kati ya 6. Wakikutana vijana sita kwenye kichaka kile cha kando ya mto, mmoja wao hatoki. Akijaribu kuacha hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, na hukasirika ovyo kwa siku nyingi.

(e) Ajali na mapafu. Wengi wetu huenda shuleni kwa bodaboda. Dereva aliyevuta huchelewa kuona na kuchelewa kushika breki. Moshi wa bangi nao una lami na gesi mbaya kama moshi wa sigara, na wavutaji wake huuzuia kifuani kwa muda mrefu.

Halmashauri ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, yaani NACADA, ilifanya uchunguzi nchini mwaka wa 2022. Iligundua kuwa Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi wakati huo, yaani mmoja kati ya kila watu 53. Idadi hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya miaka mitano iliyotangulia. Ona kwamba hesabu inaanzia miaka 15. Huo ni umri wetu.

5. Sheria inasemaje leo?

Mwaka wa 2022 ile sheria ya 1994 ilirekebishwa. Anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe sasa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5. Imelegezwa, lakini bado ni kosa. Wengine husikia neno "imelegezwa" wakaelewa "imeruhusiwa". Hiyo shilingi laki moja, mzazi wako ataitoa wapi? Ni karo ya miaka mingapi katika shule ya kutwa? Aidha, rekodi ya mahakama hukufuata pale utakapotaka cheti cha tabia njema ili uajiriwe.

6. Niliyoyaona Homa Bay

Likizo ya Aprili mwaka huu nilikwenda kumtembelea dani, yaani nyanya yangu, anayeishi karibu na ziwa. Asubuhi moja alinituma kwenda kununua omena. Pale ufuoni nikamkuta mwenzangu wa dawati akisaidia kusukuma mashua. Baada ya kuacha shule, mjomba wake alikuwa amemchukua huko.

"Omera!" aliniita, tukasalimiana. Hakuwa kichaa. Nalisema hili kwa sababu najua wapo wanaongoja nimalizie hadithi kwa kusema aliokota makaratasi sokoni. La. Alikuwa mzima, amekonda kidogo, viganja vimekuwa vigumu kwa kamba.

Nilimuuliza ni nini hasa kilichomtoa shuleni. Hakumtaja polisi wala mwalimu. Alisema, "Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii. Mtihani ukija naona aibu. Nikasema basi, shule si yangu." Kisha akaniuliza tumefika wapi katika tamthilia, na kama yule mhusika aliyempenda amekwisha kufa. Aliniambia amejaribu kuacha bangi mara mbili, lakini usiku hapati usingizi na mchana anagombana na kila mtu.

Hapo nikamweleza habari za Kanada kama nilivyowaeleza nyinyi: miaka 18, miaka 19, kifungo cha miaka 14. Alinyamaza kidogo akitazama maji. Akasema, "Ungesema siku ile."

Nilirudi na omena nikamsimulia dani. Hakunilaumu wala hakunisifu. Alisema, "Nyathina, zamani njaga ilikuwa ya wazee wachache, na mtoto akikaribia alifukuzwa kwa bakora. Siku hizi wazee ndio wanaowauzia watoto." Nimelifikiria sana neno lake. Tunasema kila siku kuwa vijana wameharibika, lakini anayeleta gunia kutoka mpakani si mwanafunzi, na anayempa mtoto msokoto mashuani ni baba wa watu. Maoni yamebadilika si kwa vijana pekee.

7. Tufanye nini?

Kwanza, tuache kuambiana uongo, wa kutisha au wa kubembeleza. Pili, ukimwona mwenzako ameanza, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Wala si lazima umchongee. Mwambie unachojua, halafu mtafute mwalimu wa ushauri nasaha kabla mambo hayajafika kwa naibu wa mkuu wa shule. Tatu, kuna simu ya NACADA, nambari 1192, ambayo haitozwi pesa. Anayepiga husikilizwa na kuelekezwa mahali pa kupata msaada. Uraibu ni ugonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Hatibiwi kwa kuzomewa. Nne, tunaokwenda ziwani au machimboni wakati wa likizo tujifunze kusema "mimi bado nasoma". Ni sentensi fupi, na nimeona wavuvi wengi wakiiheshimu. Tano, nawaomba wazazi na walimu watuambie ukweli ulio na kipimo. Tutawaamini zaidi.

Hitimisho

Niliporudi shuleni muhula wa pili nilimwendea mwalimu wetu wa ushauri nasaha nikamweleza yote, hata habari za mjadala. Alinisikiliza, akasema mlango haujafungwa: mwenzangu aje na mzazi au mjomba wake, wazungumze, aanze tena Kidato cha Pili ikibidi. Nimempelekea ujumbe huo kupitia kwa dani. Amejibu kuwa mjomba anataka amalize msimu wa omena kwanza. Hadi ninapoandika makala haya hajafika, lakini daftari langu la mwaka jana nimempelekea, na nimesikia analisoma.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wenzangu wa chama, tukipewa hoja ya mjadala tujitahidi kushinda, hiyo ndiyo raha yake. Lakini tukumbuke kwamba mjadala ukiisha, wasikilizaji wetu huenda nyumbani na maneno yetu. Mimi niliacha neno moja tu.

Maswali ya kujadili chamani

1. Mwandishi anasema uongo wa "ukivuta mara moja unaingia wazimu" huuzaa uongo wa "ni majani tu". Je, unakubaliana naye? Toa mfano.
2. Eleza tofauti ya sheria "kulegezwa" na jambo "kuruhusiwa".
3. Kati ya anayeleta bangi, anayeiuza, anayeivuta na anayenyamaza, nani ana lawama zaidi? Jadilini kwa makundi mawili.
4. Tunga mazungumzo mafupi kati ya mwanafunzi na mvuvi anayempa msokoto usiku ziwani.

Msamiati

Kudhibiti: kuweka chini ya uangalizi, kuzuia.
Mswada: sheria inayopendekezwa kabla ya kupitishwa na Bunge.
Skizofrenia: ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone mambo yasiyokuwepo.
Uraibu: hali ya kushindwa kuacha kitu kilichozoewa.
Ushauri nasaha: mazungumzo ya kumsaidia mtu mwenye shida.
Vipokezi: sehemu ndogo mwilini zinazopokea kemikali.